Madaktari wakabidhi kazi kwa maandishi



Natoa maoni yangu juu ya desturi ya daktari kumwachia kazi yake tabibu, muuguzi au mkunga.

Sipingi jambo hilo. Nchi yetu ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, nao wamewapasua na kuwaokoa akina mama wengi waliokwama katika uzazi. Utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, haukuona tofauti kubwa kati ya upasuaji wao na ule wa madaktari wenye shahada. Lakini hao walifundishwa, wakapimwa, wakapewa idhini.

Ninachopinga ni amri ya mdomo. Katika miaka yangu ya kazi niliagizwa kwa simu, zaidi ya mara moja, kufanya jambo nisilofundishwa. Mgonjwa akipona, sifa ni za daktari. Akifa, anayeulizwa ni muuguzi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kwamba ugawaji wa kazi hizi uendane na mafunzo, usimamizi na sheria. Basi kila hospitali iwe na daftari: kazi gani imekabidhiwa, kwa nani, nani alimpima, na daktari gani ataitika usiku mambo yakiharibika. Asiyefundishwa awe na haki ya kukataa bila kuadhibiwa, na daktari aliyeagiza abaki na sehemu yake ya dhamana.

Wahusika walitazame jambo hili.

Mkunga Mstaafu,
Geita.