KAMERA YA PIKIPIKI: USUKANINI, KIFUANI AU KIDEVUNI?

Wiki hii nina kisa cha kamera, zile ndogo za kujirekodi barabarani ambazo watu huziita GoPro hata zikiwa zimetengenezwa na kampuni nyingine. Vijana wengi wenye pikipiki wanazitaka. Kasheshe linaanza ukishainunua: uifunge wapi?

Mwenzenu niliifunga kwenye usukani. Sababu? Uvivu tu! Unakaza skrubu mbili, safari ya Bagamoyo inaanza. Nikaipunguza na upana, eti picha isipinde pembeni. Kabla sijafika Bunju, kushoto kwangu kulikuwa na gari dogo limesimama kwenye njia ya vumbi, linasubiri kuingia lami. Nikaligeukia, nikamwona dereva kabisa, mama mmoja mwenye miwani. Nikajua naye kaniona. Kumbe wapi! Akaingia, akanipiga ubavuni, nikalala chini na pikipiki yangu.

Namshukuru Mungu nilitoka na michubuko ya goti tu. Trafiki akafika, mama akadai mimi ndiye niliyemvaa. Nikatabasamu. "Afande, ushahidi ninao." Tukainamia simu watatu. Tukaona nini? Lami inatetemeka kama uji kwenye sahani, gari linaonekana doa kwa mbali, linatoka kwenye picha, halafu... mbingu! "Kijana," afande akaniambia kwa upole, "kamera yako imeangalia mbele tu." Pikipiki nikaitengeneza kwa hela yangu.

Ndipo nilipoanza kujaribu sehemu nyingine. Usukani una ugonjwa mwingine pia: injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu. Kamera za kisasa zinatuliza picha, lakini mtetemo ule wa harakaharaka unazishinda, na usiku ndiyo balaa. Wewe unayefunga simu hapo ili urekodi, ujue kwamba mwaka 2021 Apple walitoa onyo kuwa mtetemo wa pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Kifuani, kwa mikanda, picha inatulia. Mikono inaonekana, saa ya mwendo inaonekana, bomba! Ila ukiinama kidogo unarekodi tangi safari nzima. Na ukigeuza shingo kifua hakigeuki, kwa hiyo yule mama wa Bunju angeweza kuniponyoka tena.

Juu ya helmeti? Inaona mbali na inageuka na wewe, lakini upepo unaivuta na shingo inalipa. Ukianguka, lile donge ndilo linaloweza kufika chini kwanza. Mimi sitaki.

Nimebaki na kidevuni, kwenye helmeti ya kufunika uso mzima. Hapo kamera inatazama unapotazama wewe. Iko chini, upepo hauivuti sana, na mikono imo kwenye picha. Ubaya wake, ukiwa mtu wa kugeukageuka kila kibanda, watazamaji wako watapata kizunguzungu. Na ile helmeti ya wazi, isiyo na kidevu, hapa haina chake.

Sasa ufundi wenyewe. Soma kwanza kijitabu cha helmeti yako, maana wapo watengenezaji wasiotaka kubandikwa kitu. Kama wanaruhusu, futa mahali hapo kwa kitambaa safi, pakauke, bandika kitako kilichopinda kufuata umbo la helmeti, kisha iache masaa 24 kabla ya kuondoka. Mwaga haraka yako! Usitoboe kwa drili hata fundi akikuapia, maana unaidhoofisha helmeti, na ni bora kamera ibanduke ukianguka kuliko ikung'ang'anie. Kamba nyembamba ya kuifungia usisahau, gundi ikiachia isiende chini ya lori.

Kulenga nako kuna siri. Panda pikipiki, kaa kama unavyoendesha, vaa helmeti, rekodi dakika moja, kisha tazama. Mimi nilipima nikiwa nimesimama sebuleni, nikarudi na saa nzima ya nguzo za umeme na mawingu.

Mama watoto anasema nikivaa nafanana na beberu mwenye ndevu. Sawa tu. Jumamosi hii beberu anakwenda Bagamoyo, safari hii afike. Tukutane wiki ijayo!