Likizo Zetu na Wazee Wetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu, nipate kuwaeleza wenzangu jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, wala hatulisemi. Jambo lenyewe ni hili: tumewazoeza wazazi wetu kupokea fedha zetu, na tumewanyima sura zetu.

Mimi ni karani hapa Mwanza, na kwetu ni Ukerewe. Walijuao ziwa hili wajua kwamba mtu apandaye meli hapa bandarini hufika Nansio kabla siku haijaisha. Walakini nalikaa miezi kumi na minne bila kukanyaga nyumbani. Kila mwisho wa mwezi nalimpelekea mama fedha kwa simu ya mkononi, naye hunishukuru kwa sauti ya furaha, nami nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha lipa deni.

Hata nilipokwenda, nalikikuta kitanda changu kimetandikwa shuka safi. Nikadhani ni kwa sababu nalimpasha habari ya kuja kwangu. Mtoto wa jirani akacheka, akasema, “Hicho hutandikwa kila Jumamosi. Bibi husema, afisi zimefungwa jana, huenda akaja leo.” Na pembeni palikuwa na kikapu cha matobolwa aliyoniwekea tangu mavuno yaliyopita, wadudu walikuwa wamekwisha yala. Mama hakunilaumu. Alikwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba kimya kimya, kisha akarudi kuniuliza habari za kazi. Bwana Mhariri, nimewahi kuonywa na wakubwa wangu, tena kwa barua. Lakini sijapata karipio lililoniingia kama lile.

Nalikuwa na udhuru, nao nitausema. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikitoka Bugolora, na watu zaidi ya 200 wakafa. Tangu siku hiyo mama huliogopa ziwa. Upepo ukivuma hunipigia simu, akasema, “Mwanangu, usije, maji yamechafuka.” Lile neno la siku moja mimi nililifanya ruhusa ya mwaka mzima. Mzazi akisema “usije” kwa huruma, haifai mtoto kulishika neno hilo kama amri ya serikali. Wakati maji yatuliapo, na aende.

Sasa tutazame kisa cha jambo hili. Ni wazazi gani waliobaki peke yao? Si wale waliotutupa. Ni wale waliouza ng'ombe, wakauza pamba na samaki, wakavaa nguo moja miaka mitatu, ili sisi tupate ada ya shule. Jirani yetu ambaye hakuweza kumsomesha mwanawe, leo mwanawe yu karibu naye: humtekea maji, humtengenezea paa, na jioni hula pamoja naye. Lakini yule aliyejinyima akasomesha watoto sita, nyumba yake ni tupu. Mmoja yuko Dodoma, mmoja Mbeya, mmoja Tanga. Basi kwa wema wake amepewa upweke kuwa ujira. Je, wenzangu, hiyo ni haki?

Mzee Aniceti Kitereza, aliyekuwa mtu wa Ukerewe, aliandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, mtu na mkewe waliosumbuliwa na kukosa mtoto. Alikimaliza mwaka 1945, nacho kikapigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Asomaye kitabu hicho aona jinsi watu wa zamani walivyouhesabu ugumba kuwa msiba mkubwa. Nami naona leo tumezua msiba wa pili, ambao wazee wale hawakuujua: kuwa na watoto wengi, wazima, wenye kazi nzuri, na kula ugali wa muhogo peke yako.

Wako watakaosema, “Kazi hainipi nafasi.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatupa likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Tujiulize siku hizo hutumika wapi. Nyingine kwa kujenga, nyingine kwa biashara ndogo, nyingine kwa kulala tu. Sisemi ni vibaya. Nasema katika siku 28 hazikosi siku saba za aliyetuzaa.

Wengine watasema, “Njia ni ndefu.” Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, kabla ya hapo mtumishi wa huku aliyetoka pwani alikuwa na udhuru wa kweli. Sisi je? Tumeishi kuona hata daraja la Kigongo na Busisi likifunguliwa mwezi Juni 2025, na mtu wa Sengerema au Geita hangoji tena kivuko. Njia zimekuwa fupi, nasi tumezidi kuwa mbali.

Lakini udhuru mkubwa, ambao hatuutaji barazani, ni aibu. Mtumishi wa serikali aogopa kwenda kwao mikono mitupu. Nauli si kitu. Shida ni wale wanaongoja mlangoni, huyu na ada ya mtoto, huyu na deni la dukani, huyu na mabati. Basi huahirisha mpaka apate fedha ya kutosha, na fedha ya kutosha haiji, lakini habari ya msiba huja. Hapo ndipo tuonapo ajabu: nauli hupatikana usiku ule ule, gari hukodiwa, na sote twafika kwa wingi kumlilia mtu ambaye alipokuwa hai hatukuwa na nafasi ya kumsalimu.

Hapa yatupasa kusema na jamaa zetu pia, kwa adabu. Ziara ya mtoto isigeuzwe kuwa baraza la madai. Amfukuzaye mgeni kwa maombi, ampokonya mzee furaha yake. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Na aponywe kwanza, hayo mengine yatazungumzwa.

Katika Uchina, tangu tarehe 1 Julai 2013, sheria imeagiza watoto wakaao mbali wawatembelee wazee wao au kuwasalimu mara kwa mara. Mimi sitaki tufike huko. Mama hawezi kufurahia kuonwa na mtoto aliyeletwa na sheria. Nataka tujiagize wenyewe, nami naleta mashauri matatu mbele ya wanachama.

Kwanza, kila mmoja wetu atenge siku saba za likizo yake kwa nyumba ya wazazi, aziandike mwanzoni mwa mwaka, kama aandikavyo siku ya kulipa deni.

Pili, makarani wapangao zamu za likizo wamkumbuke mwenzao mwenye wazazi wazee, asiwe wa mwisho kila mwaka kwa kuwa ni mpole.

Tatu, tuondoe aibu ya mikono mitupu. Kilo moja ya sukari yatosha. Na asiye na sukari, aende na habari zake.

Siku ile nilipoondoka, mama alinisindikiza mpaka gatini. Nilimpa noti kidogo. Akazifunga katika pindo la khanga bila kuzihesabu. Lakini aliniuliza mara mbili, “Utakuja lini?” Nikasema, “Mwezi wa sita.” Akahesabu kwa vidole.

Fedha hakuzihesabu, Bwana Mhariri. Alihesabu miezi.

Wasalaam,
Ni mimi mwanachama wenu,
Karani wa Mwanza