KUGONGANA UWANJANI: REFA AULIZE NJIA ILIKUWA YA NANI, SI NANI KALALA CHINI



Leo nataka tuongelee jambo linalotugombanisha vijiweni karibu kila wiki. Straika anakimbia, beki au kipa naye anakuja, puu! Mmoja chini. Uwanja mzima unasimama. Nusu wanadai tuta, nusu wanadai jamaa kajiangusha. Refa ana sekunde moja tu ya kuamua, na hiyo sekunde inaweza kumharibia mtu msimu mzima.

Hivi kweli refa anatakiwa aangalie nini pale? Nimewauliza washkaji wengi. Wapo wanaosema aangalie aliyeumia. Wengine wanasema aangalie nani kagusa mpira kwanza. Wengine wanasema aangalie kama ilikuwa makusudi. Kwa mtazamo wangu majibu yote matatu hayatoshi, na nitaeleza kwa nini. Siandiki haya kwa kujifanya mjuaji. Naandika kwa sababu nilishawahi kushika filimbi siku moja, nikakosea, na kosa langu likamuumiza mtu. Nitafika huko.

KWANZA TURUDI KWENYE NJIA YA MISAFARA

Sie watu wa Tabora suala la kugongana njiani tunalo tangu zamani. Mnajua kwamba mji huu ulikuwa njia panda ya misafara: wapagazi wanatoka Bagamoyo na vitambaa na shanga, wengine wanateremka kutoka Ujiji na pembe za ndovu, wote wanakutana hapa Unyanyembe. Ila watu wanasahau kitu kimoja. Ile haikuwa barabara. Ilikuwa njia ya mguu, watu wanapita mmoja nyuma ya mwenzake. Sasa misafara miwili ikikutana uso kwa uso, watu mamia kila upande, mizigo mabegani, nani ampishe mwenzake?

Mzungu Richard Burton alifika hapa na mwenzake Speke mwezi Novemba 1857, na kitabu chake kilichotoka 1860 kinaeleza jambo hilo. Anasema msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia ni yake. Wakikutana Wanyamwezi kwa Wanyamwezi palizuka ugomvi, lakini mikuki na pinde vilitumika kama fimbo na viboko, si kuuana. Na misafara iliyokuwa marafiki ikikutana, makirangozi wawili, wale viongozi wa mbele, walikuwa wanasogeleana kwa madaha, wanatazamana kwa jicho la pembeni, halafu ghafla wanainama na kugongana vichwa kama kondoo dume! Wenzao nao wanaingia, msukumano mtupu, ungedhani ni vita. Mwisho wake ni vicheko.

Raha, sivyo? Lakini ngoja. Burton anaongeza kuwa baada ya vicheko vyote hivyo, upande ulio dhaifu ndio uliopaswa kupisha, tena na kizawadi juu.

Hapo ndipo pana hoja yangu yote wadau. Kwenye njia ya misafara sheria ya kugongana ilikuwa moja: mkubwa anapita. Hapakuwa na mtu wa katikati wa kuuliza nani alikuwa na haki ya pale mahali. Refa kazi yake ni hiyo tu. Akiacha kuuliza hilo swali, tunarudi kwa makirangozi.

WAMAREKANI WAMELIPANGAJE?

Nikiwa kwenye net nilikutana na mchezo unaoitwa besiboli. Sio mchezo wetu, ingawa huko Dar, pale Azania Sekondari, kuna kiwanja chake kwa ushirikiano na Wajapani. Kwa kifupi: mtu anapiga mpira kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, huku walinzi wa timu nyingine wakiuwahi mpira ili wamtoe. Sasa mkimbiaji na mlinzi wanakatana njia muda wote. Kugongana ni lazima.

Waamuzi wao wamerahisisha mambo kwa kuuliza: wakati ule, njia ilikuwa ya nani? Mpira ukishapigwa na mlinzi yuko kwenye kuudaka, njia ni yake. Mkimbiaji amkwepe, akimgonga anatolewa. Lakini kama mlinzi hana mpira na wala hayuko kwenye kuudaka, njia ni ya mkimbiaji. Mlinzi akimziba, mkimbiaji anapewa kituo ambacho angekifikia kama asingezibwa. Tena makusudi hayaulizwi!

Mfano ni fainali zao, World Series ya mwaka 2013, mechi ya tatu, Boston Red Sox na St. Louis Cardinals, tarehe 26 Oktoba. Matokeo 4-4, mwisho kabisa wa mchezo. Mlinzi wa Boston, Will Middlebrooks, akajirusha kudaka mpira kwenye kituo cha tatu, akaukosa, akalala chini. Mkimbiaji wa St. Louis, Allen Craig, alipoinuka kukimbilia nyumbani akajikwaa kwa huyo aliyelala. Alipofika mpira ulishamtangulia. Lakini mwamuzi Jim Joyce alikuwa ameshaonyesha kuwa Craig kazibiwa njia. Pointi ikahesabiwa, 5-4, mechi imekwisha.

Watu wa Boston walilalamika kinoma: "Jamaa kalala tu, afanyeje, apae?" Sheria inasema pole sana, lakini mpira ulishakupita, kwa hiyo njia si yako tena. Kutokukusudia hakumrudishii mwenzako hatua alizopoteza.

Na hao hao zamani waliruhusu mkimbiaji kumvamia mdakaji pale nyumbani kwa nguvu zote. Tarehe 25 Mei 2011 mdakaji nyota Buster Posey alivunjwa mguu kwa kugongwa hivyo. Kuanzia 2014 wakabadilisha: mkimbiaji haruhusiwi kuacha njia yake kumfuata mdakaji, na mdakaji asiye na mpira haruhusiwi kuziba njia. Kila mmoja kapewa haki yake na mpaka wake.

KWENYE SOKA SHERIA IPO, HATUISOMI

Msidhani soka haina kitu kama hicho. Sheria ya 12 inasema kila mchezaji ana haki ya mahali aliposimama, na kwamba kuwa kwenye njia ya mwenzako si sawa na kuingia kwenye njia ya mwenzako. Isome tena hiyo. Beki aliyesimama pale pale, straika akaja kumparamia, beki hana kosa. Beki aliyesogea kumziba wakati mpira uko mbali, huyo ndiye mkosaji. Akimziba bila kumgusa ni faulo ambayo huwezi kufunga kwa kupiga moja kwa moja. Akimgusa ni faulo kamili, na ndani ya boksi ni tuta.

Ukishajua njia ilikuwa ya nani ndipo unauliza: mkosaji aliingiaje? Kwa uzembe, ni faulo bila kadi. Kwa kutojali kwamba atamhatarisha mwenzake, kadi ya njano. Kwa nguvu kupita kiasi, nyekundu. Makusudi hayamo kwenye hizo ngazi. Na ule msemo wetu wa "kagusa mpira kwanza" hauna msamaha wowote ndani ya sheria. Unaweza kugusa mpira kwanza na bado ukamvunja mtu mguu, na ukatoka.

Sisemi mpira uwe mchezo wa kupapasana. Bega kwa bega mkigombea mpira ulio karibu yenu, ruksa. Kuukinga mpira kwa mwili wakati unaweza kuufikia, ruksa. Hayo ni makirangozi wanagongana vichwa na kucheka, hakuna tatizo.

Tatizo ni refa kuangalia kitu kingine. Wazee wanakumbuka Kombe la Dunia 1982, nusu fainali kule Sevilla tarehe 8 Julai, Ujerumani Magharibi na Ufaransa. Patrick Battiston alipiga mpira ukatoka nje. Kipa Harald Schumacher akaruka na kumgonga usoni. Jamaa akazimia, meno yakatoka, uti wa mgongo ukapata jeraha. Refa Charles Corver wa Uholanzi akatoa nini? Goli kiki! Hata faulo hakuna. Macho yake yalikuwa yameufuata mpira. Mpira ulishapita, lakini mtu mwenye haki ya njia alikuwa bado yuko pale.

SASA KISA CHANGU

Ilikuwa ndondo hapa mjini, timu mbili za mtaani, zawadi mbuzi. Refa aliyepangwa hakutokea. Wakasema, "Huyu dogo kamaliza fomu foo, anasoma sheria kwenye net, mpeni filimbi." Nikajiona bonge la mtu.

Dakika za mwisho, bila bila. Mpira mrefu ukaingia kwenye boksi. Kipa akatoka, akaudaka kwa mikono miwili. Nasema tena, kwa mikono miwili, kaukumbatia kifuani. Straika hakupunguza mwendo, akamparamia mzima mzima. Straika ndiye aliyeanguka, akabiringika huku anapiga mayowe, kashika goti. Kipa kabaki kasimama, mpira umemtoka.

Uwanja ukalipuka: "TUTAAA!" Na huyo straika ilikuwa timu ya mfadhili aliyenunua mipira, jezi na huyo mbuzi mwenyewe. Nikapuliza, nikaonyesha penati spoti. Moja bila. Mbuzi akaenda.

Kumbe kipa alikuwa ameumia mkono, kavumilia tu. Jioni ukavimba, hospitali wakasema umevunjika. Jamaa anaishi kwa kupakia magunia sokoni, kazi ya mabega na mikono, kama wale wapagazi wa zamani. Karibu miezi miwili hakubeba kitu, na ana mke na watoto wawili. Nilipokwenda kumwona hakunitukana. Aliniuliza tu: "Mdogo wangu, ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikosa jibu. Afadhali Corver, yeye aliangalia mpira. Mie niliangalia watu. Niliangalia nani kalala, nani anapiga kelele, na nani kanunua mbuzi. Kipa akiwa ameushika mpira kwa mikono hakuna ruhusa ya kumvamia, hilo nilikuwa nalijua kama jina langu. Nilichofanya ni ile sheria ya msafara: dhaifu apishe, na zawadi atoe.

TUNATOKAJE HAPA?

Mwezi Juni 2025 mechi ya Yanga na Simba ilichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Maana yake nini? Maana yake hatuaminiani. Na hatuaminiani kwa sababu refa anaamua, anakimbia, na hakuna anayejua aliona nini. Leta Mmisri, leta kamera ishirini, bado tutabishana kama sisi wenyewe hatujui swali linaloulizwa.

Na tusijifanye malaika. Watu wa Tabora tunalia tukionewa ugenini, na tulichekelea hadi asubuhi Novemba 2024, Tabora United (ambayo tangu 2025 inaitwa TRA United) ilipomchapa Yanga 3-1 kule Chamazi. Lakini mgeni akija pale Ali Hassan Mwinyi, msafara mkubwa ni sisi. Kelele za kumtisha refa ni zetu.

Mapendekezo yangu ni mawili tu. Moja, refa aseme. Besiboli ya Marekani tangu 2022 mwamuzi akipitia marudio anatangaza uamuzi kwa kipaza sauti, na FIFA walifanya hivyo kwenye Kombe la Dunia la wanawake 2023. Ndondo haihitaji kipaza sauti. Ita manahodha wawili, sema sentensi moja: "Kipa alikuwa na mpira mikononi, njia ilikuwa yake." Refa akijua atalazimika kuitamka hiyo sentensi, ataitafuta kabla ya kupuliza. Mie siku ile ningeambiwa niseme, ningesema nini? "Tuta, kwa sababu mnapiga kelele"?

Pili, vyama vya soka vya mikoa na wilaya viwape hata marefa wa mchangani semina ya siku moja juu ya kugongana tu. Huko ndiko mikono inakovunjika, na huko hakuna daktari wala bima.

Kipa wangu amepona, anabeba magunia kama kawaida. Golini hajarudi. Ananisalimia vizuri, na ndilo linaloniuma zaidi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kisa cha kugongana akiweke hapo chini, ila kabla hujasema nani alionewa, tuambie kwanza: njia ilikuwa ya nani?