Tunaambiwa Tuwahi. Tukiwahi, Tunakuta Nini?

Makamanda, hii nimeiandika kwa hasira, mnisamehe.

Mama mdogo wangu aliwahi. Alipoona damu baada ya tendo la ndoa, alikaa na aibu yake wiki mbili, kisha akaenda zahanati. Akapewa dawa za UTI. Akarudi, akapewa zilezile. Mara ya tatu akaomba apimwe, akaambiwa vifaa hakuna, aende wilayani. Nauli ya wilayani ilikuwa hela ya sare za mwanawe, akaahirisha. Alipofikishwa Ocean Road, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Tulimzika mwaka jana. Pale msibani kiongozi mmoja akasimama, eti "wanawake wa vijijini wanachelewa sana." Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Leo sinyamazi.

Hakuna saratani inayoua wanawake wengi Tanzania kuliko hii. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya kama 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Na jamani, inazuilika! Karibu yote inatokana na kirusi cha HPV, na kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi mpaka kuwa saratani. Kipimo chenyewe ni siki: muuguzi anapaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, akiona weupe anajua pana tatizo. Likiwa bado dogo, mara nyingi linatibiwa siku hiyohiyo.

Ukweli usemwe, tangu 2018 serikali inatoa chanjo ya HPV kwa wasichana nchi nzima. Hilo nalipongeza. Lakini mama wa miaka 40 chanjo ile haikumkuta. Yeye kinga yake ni kipimo. Sasa unamhamasisha kwa fulana na kipaza sauti, halafu akifika anakuta mlango umefungwa. Hiyo si elimu, ni kumtupia lawama mapema.

Darasani tunasoma Ibara ya 14 ya Katiba: haki ya kuishi, na jamii kuyalinda maisha hayo. Mimi naisoma hivi: siki, taa na muuguzi aliyefundishwa navyo ni haki ya kuishi.

Kwa hiyo tuache kulalamika mitandaoni tu. Kila tawi liende zahanati ya kata yake, liulize: kipimo kinatolewa siku gani, na nani? Jibu libandikwe ubaoni, lisomwe kwenye mikutano, vikoba na misibani. Kama jibu ni "hakuna," diwani alipeleke kwenye Baraza la Madiwani, aulize bajeti imekwenda wapi.

Na wewe, leo usiku mpigie mama yako. Usimwambie tu "kapime." Mwambie ni wapi, siku gani, na umtumie nauli.