Mchezo wa Mashujaa: Tazama Unamlipa Mtoto kwa Lipi



Mwezi huu tunazungumza hasa na wenzetu wanaolea watoto Marekani, Kanada au Uingereza, na wale ambao watoto wao hupokea zawadi kutoka kwa shangazi na wajomba walioko huko. Kijana wa miaka 12 au 14 anamwambia mama yake kwamba rafiki zake wa shule wanacheza mchezo wa mashujaa mezani, naye anaomba anunuliwe kitabu chake. Mama akifika dukani anakuta vitabu vingi, vinene, vyote vina picha za watu waliovaa vinyago wakipigana. Bei nayo si ndogo. Achague kipi, au akatae vyote?

Kwanza tuelewe ni mchezo gani. Hauna kete za kusogeza kama drafti, wala hauhitaji televisheni. Watoto wanne au watano huketi mezani na karatasi, penseli na dado. Mmoja wao ni msimulizi. Anaeleza, kwa mfano, kwamba daraja linaporomoka na basi la abiria liko juu yake. Wengine kila mmoja ana shujaa wake: huyu anaruka angani, yule anaweza kuinua gari. Kila mmoja husema shujaa wake atafanya nini, kisha dado huamua kama amefaulu. Mara nyingi hakuna mshindi. Kinachoendelea ni hadithi.

Tunajua wapo watakaoshtuka. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi Wakristo wa Marekani waliiogopa michezo ya aina hii, hasa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, kwa sababu ndani yake mlikuwa na wachawi na mashetani. Michezo ya mashujaa ni tawi la mti huo huo, na baadhi ya mashujaa wake hutumia uchawi. Mzazi anayo haki ya kusema, “Katika nyumba hii hatuchezi mashujaa wa namna hiyo.” Mchezo hautaharibika kwa sharti hilo. Lakini kukataa au kukubali bila kufungua kitabu si malezi. Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa kidonge kwa kupendezwa na rangi yake. Tunasoma maandishi ya kwenye pakiti. Kitabu cha mchezo nacho kisomwe hivyo, na swali kubwa la kujiuliza ni hili: mchezo huu unamlipa mtoto kwa tendo gani, na unamtoza kwa lipi?

Tuanze na mfano wa zamani. Mwaka 1984 kampuni ya TSR ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Marvel Super Heroes. Ndani yake shujaa huweka akiba ya alama ziitwazo Karma. Jina hilo limetoka katika dini za India, lakini hapa ni jina la alama tu. Shujaa hupata alama hizo kwa kuokoa watu na kuzuia uhalifu, na huzitumia anapotaka dado imsaidie katika jambo gumu. Shujaa akiua mtu, hupoteza akiba yake yote. Hapo mama hahitaji kuhubiri sana. Mtoto ataona mwenyewe kwamba hasira ya dakika moja imemaliza kazi ya majuma mengi. Mchezo huo haupo tena madukani, ila nakala zilizotumika bado huuzwa.

Champions ulitoka mwaka 1981. Mchezaji hupewa idadi ya alama, azitumie kununua nguvu za shujaa wake, kama mtu aendaye sokoni na fedha za kuhesabu. Akitaka alama zaidi, lazima akubali wajibu au udhaifu: labda kiapo cha kutoua, au ndugu anayemtegemea ambaye maadui wanaweza kumteka. Ni funzo jema kwamba nguvu huja pamoja na mzigo. Ila hesabu zake ni nyingi. Kijana apendaye hisabati atafurahi. Mtoto wa miaka 9 atachoka kabla hadithi haijaanza.

Mutants & Masterminds, uliotoka mwaka 2002, nao hujenga shujaa kwa alama. Katika toleo lake la tatu, la mwaka 2011, shujaa wa kawaida hujengwa kwa alama 150. Hutumia dado moja yenye nyuso 20, na kitabu kina mifano ya mashujaa iliyo tayari. Mambo ya maisha ya shujaa yanapomletea shida, mchezaji hulipwa alama ya kumsaidia baadaye. Yaani mtoto hulipwa kwa kuikubali shida na kuibeba.

Kwa wale wanaotaka kuwa Spider-Man leo leo, upo Marvel Multiverse, ambao kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 2023. Hutumia dado tatu za nyuso sita, na mashujaa wanaojulikana kwenye sinema wamekwisha kuandaliwa.

Tumeacha wa mwisho kwa makusudi. Masks: A New Generation ulitoka mwaka 2016, na mashujaa wake wote ni vijana. Humo hakuna hesabu ya damu iliyobaki. Kijana akiumizwa, karatasi yake huandikwa hali ya moyo: ana hofu, ana hasira, anajiona mwenye hatia, amekata tamaa, au hajiamini. Tena kila kijana ana majina matano anayojipima nayo: Hatari, Kituko, Mwokoaji, Bora Kupita Wenzake, na Mtu wa Kawaida. Majina hayo hupanda na kushuka. Yanabadilishwa na nini? Na maneno ya watu. Mtu mwenye uzito kwake akimwambia yeye ni nani, kijana anaweza kuyapokea maneno hayo, na namba zake zibadilike. Au anaweza kuyakataa, na dado ndizo zitakazoamua kama ameweza. Na kanuni inasema kwamba watu wazima, tangu mwanzo, wana uzito huo juu ya vijana wote.

Akina mama, hapo tulisimama tukatafakari. Watoto wetu walioko ugenini huambiwa wao ni nani kila siku. Shuleni huitwa wageni. Wakirudi nyumbani tunawaambia wamekuwa Wazungu, hawajui salamu, hawajui lugha. Yakobo, katika sura ya 3 ya waraka wake, alitufundisha juu ya moto wa ulimi. Mchezo huu umeuandika moto huo kwa namba, mtoto akauona. Na lipo jambo la kutia moyo. Kumfariji mwenzako ni tendo lenye kanuni yake, na nguvu inayotumika hapo ni ile ya Mtu wa Kawaida. Aliyefarijiwa, akikubali kufungua moyo wake, anaweza kufutiwa hali iliyomwelemea.

Hata hivyo Masks si wa watoto wadogo. Unagusa mapenzi ya ujana, na mwenye hasira anaweza kuiondoa kwa kuvunja kitu au kumuumiza mtu. Sisi tungeuweka kwa wenye miaka 13 na kuendelea, tena msimulizi awe mtu mnayemfahamu.

Ushauri wetu kwa ufupi ni huu. Mtoto mdogo apendaye sinema, mpe mchezo wenye mashujaa waliokwisha kuandaliwa. Mpenda hesabu, mpe ule wa kununua nguvu kwa alama. Kijana aliyenyamaza siku hizi, anayejifungia chumbani, mpe Masks, naye acheze pamoja na wenzake. Nunueni kitabu kimoja tu. Kinatosha meza nzima. Siku ya kwanza wakaribishe wachezaji kwako, wape chai na maandazi, ukae karibu usikie.

Muda nao upangwe, maana hadithi moja inaweza kuchukua saa tatu au nne. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Wacheze Jumamosi mchana, si usiku wa kuamkia shule au ibada.

Wakimaliza, usimwulize mtoto aliua maadui wangapi. Mwulize, “Leo shujaa wako amemsaidia nani?” Kisha msikilize hadi mwisho, maana yawezekana anazungumza habari zake mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.