Mkono mtupu haulambwi: Wafugaji walipwe kwa kuhifadhi

MKONO mtupu haulambwi, walilonga wahenga. Methali hii yafaa kuzingatiwa na wanaotunga sera za uhifadhi, kwani zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga, katika ardhi ya wafugaji na wakulima ambao wengi wao hawapati chochote kwa kuwapa malisho.

Mfano mwafaka ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946. Ukubwa wake ni kilomita 117 mraba pekee. Upande wa kusini haukuzungushiwa ua, ili nyumbu na pundamilia waweze kwenda nyanda za Kitengela na Kaputiei, Kaunti ya Kajiado, wakati wa mvua na kurejea wakati wa kiangazi. Nyanda hizo ni mali ya watu binafsi. Kila anayeuza ploti au kuzungusha seng'enge huziba njia ya wanyama, wala si rahisi kumlaumu kwa kuwa ardhi ni yake.

Mwaka wa 2000, ulianzishwa Kitengela mpango wa kukodisha ardhi. Mwenye shamba alilipwa Dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, naye akakubali kutojenga ua, kutolima na kutouza. Mifugo wake waliendelea kulisha hapo hapo. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, sambamba na mihula ya shule, na wengi wakayatumia kwa karo. Kasoro ni kwamba fedha hizo zilitegemea wahisani, na mhisani akichoka, ua hujengwa.

Nchini Marekani, mzigo kama huo hubebwa na hazina ya serikali. Tangu sheria ya kilimo ya 1985, mkulima anayepumzisha ardhi inayomomonyoka hulipwa kodi kila mwaka, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Hata hivyo, huko nako kuna funzo. Ardhi iliyokuwa chini ya mpango huo ilizidi ekari milioni 36 mwaka wa 2007. Bei ya mahindi na soya ilipopanda, wakulima wengi walirejea kulima mikataba ilipokwisha, na kufikia 2014 zilibaki takriban milioni 25. Yaani, malipo yasiyolingana na thamani ya ardhi hayadumu.

Hapa kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Fidia hiyo ni haki, ijapokuwa waathiriwa wengi wameisubiri kwa miaka. Lakini yaonyesha kwamba serikali hufungua mfuko baada ya maafa, ilhali anayeiacha ardhi yake wazi mwaka mzima hatambuliwi.

Yamkini Hazina ya Kitaifa itadai haina fedha. Basi ianze na sehemu ya ada za kuingia mbugani, ilipe kwa mikataba ya muda mrefu, na viwango vikaguliwe kadiri bei ya ardhi inavyobadilika. Aidha, orodha ya wanaolipwa iwekwe wazi, wasije mabwanyenye wakajitwalia kilichokusudiwa mfugaji.

Watalii huja kuwatazama nyumbu wale wale wanaolishwa na mfugaji. Si haki yeye aambulie vumbi tu.