Si Wajinga Ndio Waliwao

Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu yaanze kufukuliwa makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, walikozikwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walioamriwa wafunge mpaka wafe, mochari ya Malindi ilikabidhi miili ya kwanza kwa wenyewe. Ilikuwa miili minne, yote ya familia moja. Kufikia siku hiyo miili 429 ilikuwa imetolewa msituni, na vipimo vya vinasaba vilikuwa vimetambua 34 tu. Iliyobaki ilikuwa bado ni namba.

Majeneza hayo yalipopakiwa garini, hukumu ya mitaani ilikuwa imeshatoka kitambo. Vijiweni, ndani ya matatu, kwenye foleni za benki, watu walikuwa wamekubaliana: wajinga ndio waliwao. Mtu mwenye akili zake atafungaje mpaka afe? Mzazi gani anapeleka wanawe porini wakafe njaa? Na katika kila mazungumzo ya namna hiyo hakosekani mtu wa kujipiga kifua: wangu hawezi, wangu amesoma.

Methali hiyo ina mahali pake, na mahali pake si hapa. Katika habari ya vijana wanaovutwa kwenye makundi ya imani potofu inasema uongo, na uongo huo umegharimu roho za watu. Mzazi ambaye mwanawe anachukuliwa sasa hivi unamlaza usingizi. Yule ambaye wake ameshachukuliwa unamfunga mdomo kwa aibu.

Tuanze na hilo la kusoma. Tarehe 20 Machi 1995, saa za watu kwenda kazini, wafuasi watano wa kundi la Aum Shinrikyo walipanda treni za chini ya ardhi mjini Tokyo wakiwa na mifuko ya sumu ya sarin, wakaitoboa kwa ncha za miavuli. Mmoja wao, Ikuo Hayashi, alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo. Kenichi Hirose alikuwa amesoma fizikia Chuo Kikuu cha Waseda, na Toru Toyoda alikuwa amesoma fizikia hiyohiyo Chuo Kikuu cha Tokyo. Kiongozi waliyemwinamia, Shoko Asahara, alikuwa mwalimu wa yoga aliyewahi kuuza dawa za mitishamba. Kama shahada ni kinga, ilikuwa wapi asubuhi ile?

Karibu na kwetu, Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa lao tarehe 17 Machi 2000. Baadaye makaburi mengine yalifukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo, na idadi ya waliokufa ikapita 700. Miongoni mwa viongozi alikuwamo Dominic Kataribaabo, padri aliyekuwa amepata shahada ya uzamili Marekani. Kiongozi mwenzake, Joseph Kibwetere, alikuwa mtu wa shule na siasa, anayeheshimika kwao. Humo ndani watu walikuwa wameacha kuzungumza, wakiwasiliana kwa ishara za mikono, kwa hofu kwamba ulimi ungewafanya washuhudie uongo na kuivunja amri. Ukimya huo ulimaanisha pia kwamba mtu hakuweza kumnong'oneza mwenzake kuwa ana shaka.

Na Shakahola yenyewe? Waliokwenda huko walitoka pembe nyingi za Kenya, na wengi waliuza walichokuwa nacho kwanza, kiwanja, mifugo, vyombo vya nyumbani. Maskini hohehahe hana cha kuuza.

Kinachomvuta kijana ni kitu cha kawaida kabisa, kitu ambacho kila mzazi angependa mwanawe akipate ugenini. Tuchukue msichana wa mwaka wa kwanza aliyeshuka basi jana na sanduku lake la bati. Hajui mtu hosteli nzima. Jumapili ya kwanza dada mmoja mchangamfu anambishia hodi, anamuuliza jina, na wiki inayofuata bado analikumbuka. Akiugua malaria, huyo dada anamletea uji kwenye chupa ya chai na kukaa naye kitandani mpaka alale. Akisema baba yake alifariki mwaka jana, kuna watu sita wanaomshika mkono na kulia naye. Nyumbani hakuna aliyewahi kulia naye, aliambiwa ajikaze. Mpaka hapo hajafundishwa jambo lolote la ajabu. Amependwa tu, na mwenye akili timamu akipendwa hurudi.

Mafundisho huja baadaye, tena kwa kijiko. Kwanza mkesha wa Ijumaa, kisha mkesha wa kila siku. Usingizi unapungua. Simu ya mama inaingia wakati wa maombi, haipokelewi. Wenzake wa chumbani, waliokuwa marafiki, sasa wanaitwa watu wa dunia, na wa humo ndani wanaitwa wapendwa. Anajifunza kumweleza mtumishi ndoto zake, kisha mashaka yake, kisha mapato yake. Pesa ya ada inageuka sadaka. Siku anapoambiwa kuwa chuo chenyewe ni cha shetani, hana tena mtu wa nje wa kumuuliza, kwa sababu wote ameshaachana nao mmoja mmoja.

Wanasosholojia John Lofland na Rodney Stark waliliona jambo hili zaidi ya miaka 60 iliyopita, walipofuatilia kikundi kidogo cha wafuasi wa Sun Myung Moon huko California. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1965. Walikuta kwamba walioingia kabisa ni wale ambao uhusiano wao na watu wa ndani ulikuwa umeuzidi kwa uzito uhusiano wao na watu wa nje. Moyo ulitangulia na imani ikafuata, na hapo akili ya mtu iwe kali namna gani, inafanya kazi kwa habari inazopewa na watu anaowaamini.

Hata Mackenzie hakuanza na njaa. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003, na waliolijia mwanzoni walikutana na kanisa kama makanisa mengine ya Malindi. Baadaye yakaja makatazo ya kusuka nywele na kujipamba. Wafuasi wakaambiwa hospitali ni dhambi, shule ni dhambi, namba ya utambulisho ya serikali, Huduma Namba, ni alama ya mnyama. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, na wafuasi wakaanza kuhamia msituni, kwenye eneo la ekari 800 katika ranchi ya Chakama. Amri ya kufunga mpaka kufa ilikuja mwisho wa njia hiyo ndefu. Anayeuliza "walikubalije?" anaitazama ngazi kwa juu na kushangaa mtu alirukaje, na wao hawakuruka. Walipanda kidato kimoja kimoja, kwa miaka.

Na si wote waliokubali. Hapa ndipo methali inapogeuka tusi kwa marehemu. Uchunguzi wa miili uliosimamiwa na mkuu wa wanapatholojia wa serikali, Johansen Oduor, ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine walinyongwa, wengine walipigwa, wengine walizibwa pumzi. Mtu aliyenyongwa hakuliwa kwa ujinga wake. Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, na walikana mashtaka. Mtoto wa miaka minne aliyenyimwa ugali naye alikuwa mjinga?

Lakini methali hiyo hufanya madhara yake makubwa sebuleni, kabla mtu hajafika msituni. Kijana anarudi likizo na vazi jipya, maneno mapya, chakula anakigusa kidogo. Baba anacheka mezani. Shangazi anasema amerogwa, wajomba wanataka apelekwe kwa mtaalamu. Kaka anakichana kijitabu chake. Siku ya tatu baba anafoka: ukitoka na upuuzi huo usirudi humu ndani. Wote wanadhani wanampigania, na hakuna ubaya katika nia yao. Ila kule alikotoka ameshaambiwa kwamba nyumbani watamcheka na kumfukuza kwa sababu ya ukweli. Kila tusi linathibitisha unabii. Usiku huohuo anafunga begi, na mlango ambao mhubiri alikuwa akihangaika kuufunga kwa nje, familia imeufunga kwa ndani.

Kisha inakuja aibu. Jirani akiuliza, kijana "yuko kazini Mombasa." Mama hathubutu kusema kanisani wala msikitini, maana anajua watakachosema: hakumlea. Miezi inakatika bila mtu kupiga ripoti. Baada ya Shakahola, dawati la Msalaba Mwekundu mjini Malindi liliandikisha zaidi ya watu 600 waliopotea, na maofisa wakalazimika kurudia kuwaomba ndugu wajitokeze kutoa sampuli za vinasaba. Kujitokeza kulimaanisha kukiri mbele za watu: naam, wangu alikuwa mmoja wa wale wajinga.

Yapo mambo ambayo familia hizo zingefaa kuyajua mapema. Mtafiti Eileen Barker wa chuo cha London School of Economics alifuatilia watu zaidi ya 1,000 waliohudhuria semina za kundi la Moon jijini London mwaka 1979. Karibu tisa katika kila kumi hawakujiunga. Katika waliojiunga, wengi waliondoka wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo anayedhani kijana akishaingia amepotea moja kwa moja amekosea sawa na anayedhani ni wajinga tu wanaoingia. Watu hutoka. Anayetaka kutoka anahitaji pa kutokea: namba ya simu ambayo bado inapokelewa, kitanda ambacho hakijapewa mtu mwingine, mtu ambaye hatasema "si nilikwambia."

Kuna atakayesema kwamba maneno haya yanawaondolea lawama watu wazima walioona watoto wakikonda na kunyamaza. Hapana. Mtu mzima aliyemnyima mtoto chakula anastahili kujibu mahakamani, na mahakama zipo kwa ajili hiyo. Lakini lawama ikiishia kwa aliyedanganywa, aliyedanganya anapumua. Mackenzie alikamatwa mwaka 2017, akakamatwa tena 2019. Machi 2023 alifikishwa mahakamani kuhusu vifo vya watoto wawili waliosemekana kufa kwa njaa, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata ndipo polisi walipoingia msituni. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisema wazi kwamba vyombo vya usalama vilizembea. Na vinazembea kwa urahisi pale ambapo jamii nzima imeshaamua kuwa wanaopotea ni wapumbavu waliojitakia.

Mwaka 2025, miaka miwili tu baada ya Shakahola, makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, kaunti ileile ya Kilifi. Miili zaidi ya 30 ilifukuliwa.

Kwa hiyo ombi ni kwako wewe mwenye ndugu aliyekatika mawasiliano: mpigie leo. Usimjadilie Maandiko, usimcheke mhubiri wake. Muulize amelala vipi, amekula nini, mwambie mama anamsalimu, na wiki ijayo mpigie tena hata kama leo hakupokea. Ukisikia kwamba kuna mtoto anayenyimwa chakula, dawa au shule kwa jina la imani, usingoje kikao cha ukoo wala usiogope watu watasema nini. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116. Haitozwi, na ni ileile Kenya, Tanzania na Uganda.